Aya nne za Dover: kisa cha tamko lililosomwa darasani likaishia mahakamani

Tarehe 18 Januari 2005, katika sekondari ya Dover, jimbo la Pennsylvania, Marekani, walimu wa baiolojia walitoka madarasani. Haukuwa mgomo. Mageuko ya viumbe walikuwa tayari kuyafundisha kama mtaala unavyotaka. Walichokataa ni kuwasomea wanafunzi tamko la aya nne lililoandaliwa kwa amri ya bodi ya shule, wakisema kwa maandishi kwamba kulisoma ni kuwapotosha watoto kwa makusudi. Basi wakaingia viongozi wa utawala, wakasimama mbele ya darasa la tisa na kulisoma wao. Baadhi ya wanafunzi nao walikuwa nje, kwa ruhusa ya wazazi. Ilichukua kama dakika moja. Kisha waliobaki wakaambiwa kwamba hakutakuwa na mjadala, na kwamba walimu wao hawatajibu maswali kuhusu jambo hilo.

Wengi wakisimulia kesi ya Dover huanza na Darwin au na Biblia. Mimi naanzia hapo mlangoni. Mtoto anaambiwa kwamba somo analofundishwa lina kasoro, kisha anakatazwa kuuliza ni kasoro gani. Yote yaliyofuata mahakamani, kwa maoni yangu, yalikuwa njia ndefu ya kueleza kwa nini wenye tamko hawakuweza kuruhusu swali.

Tamko lenyewe

Aya ya kwanza ilisema viwango vya elimu vya Pennsylvania vinamtaka mwanafunzi ajifunze nadharia ya Darwin na hatimaye afanye mtihani wenye mada hiyo. Mwanafunzi mwerevu husikia haraka kinachosemwa chini ya maneno hayo: tunawafundisha kwa kuwa tumelazimishwa.

Aya ya pili ndiyo iliyobeba mzigo. Ilisema kwa kuwa nadharia ya Darwin ni nadharia, bado inaendelea kupimwa kadiri ushahidi mpya unavyopatikana. Kwamba si ukweli uliothibitika. Kwamba ina mapengo yasiyo na ushahidi. Halafu, katika aya hiyohiyo, ikaeleza maana ya nadharia: ni maelezo yaliyopimwa vizuri, yanayounganisha mambo mengi yaliyochunguzwa. Soma tena. Sentensi za mwanzo zinamwambia mtoto asiitegemee sana maana ni nadharia tu. Ya mwisho inamwambia nadharia ni kitu kilichopimwa vizuri. Mtoto wa miaka 14 atatoka na lipi? Atatoka na lile la kwanza, kwa sababu ndilo linalofanana na namna watu wanavyozungumza kila siku.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunaufahamu mtego huu, maana neno letu lina mtego uleule. Mtu akisema "hayo ni nadharia tu, tuone vitendo", anazungumzia maneno ambayo hayajajaribiwa. Mwalimu wa sayansi akisema "nadharia ya atomu" au "nadharia ya vijidudu" inayoeleza chanzo cha magonjwa ya kuambukiza, anazungumzia kilele cha kazi ya vizazi: maelezo yaliyosimama baada ya watu wengi kujaribu kuyaangusha. Ni neno moja lenye maana mbili zinazovutana, na tamko la Dover lilipita katikati yake. Katika masomo yote ya sayansi ya shule ile, ni nadharia moja tu iliyowekewa onyo. Hakuna aliyewasomea watoto tamko kuhusu mapengo ya nadharia ya atomu.

Aya ya tatu ilitaja "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe hai vilibuniwa na msanifu mwenye akili, kuwa maelezo mengine kuhusu asili ya uhai, yaliyo tofauti na ya Darwin, na kuwaelekeza wanafunzi kwenye kitabu cha rejea kiitwacho Of Pandas and People. Aya ya nne iliwahimiza wawe tayari kupokea mawazo tofauti, na mazungumzo juu ya asili ya uhai ikayaacha kwa wanafunzi na familia zao.

Ilikotoka

Wilaya ya shule ya Dover ilikuwa na wanafunzi takriban 3,700, kati yao kama 1,000 wakiwa sekondari. Msimamizi mkuu wa shule hizo alikuwa na kawaida ya kuandika hoja za wajumbe wa bodi wanapokutana kupanga mambo yao, na maandishi yake ya mwaka 2002 na 2003 yalikuja kuonyesha neno "uumbaji" likiwa la kwanza katika mambo yaliyomkaa moyoni mjumbe mmoja, Alan Bonsell. Mwaka 2002 pia, mchoro mkubwa wa ukutani uliochorwa na mwanafunzi kuonyesha mageuko ya binadamu uliondolewa darasani na kuchomwa moto.

Mwaka 2004 walimu waliomba kitabu kipya cha baiolojia, kile kilichoandikwa na Kenneth Miller pamoja na Joseph Levine. Ombi la kawaida kabisa. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mtaala, William Buckingham, alilalamika kwamba kitabu kimejaa Darwin na kutaka kiwepo kingine cha kusawazisha. Mvutano ukaendelea miezi kadhaa. Hatimaye tarehe 18 Oktoba 2004 bodi ikapiga kura 6 kwa 3 kwamba wanafunzi wafahamishwe mapengo ya nadharia ya Darwin na nadharia nyingine, ukiwemo usanifu wenye akili. Wajumbe wawili waliopinga, mke na mume, walijiuzulu papo hapo.

Tarehe 14 Desemba wazazi 11 wakafungua kesi katika mahakama ya shirikisho, jina la Tammy Kitzmiller likiwa la kwanza kwenye hati.

Kwa nini jina lilibadilika

Bila historia ya sheria ya Marekani, mtu hataelewa kwa nini bodi ile haikusema "uumbaji" waziwazi. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 huko Dayton, Tennessee, kwa kufundisha mageuko. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi iliyotoka Arkansas, kwamba sheria za kukataza mageuko shuleni zinavunja Katiba. Wapinzani wakabadili mbinu: kama haikatazwi, basi ifundishwe sambamba na "sayansi ya uumbaji". Mwaka 1987, katika kesi ya Edwards dhidi ya Aguillard iliyotoka Louisiana, Mahakama ya Juu ikaifunga na njia hiyo kwa kura 7 kwa 2: kulazimisha sayansi ya uumbaji katika shule za umma ni serikali kupigia debe dini.

Baada ya hapo likavuma jina la usanifu wenye akili. Hoja yake ni kwamba sehemu fulani za viumbe hai ni tata mno, haziwezi kuwa zilijengeka hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima kuna msanifu. Msanifu huyo hatajwi jina. Swali kubwa la kesi ya Dover likawa hili: je, hiki ni kitu kipya, au ni kilekile kilichokwisha kukataliwa mwaka 1987?

Mahakamani Harrisburg

Kesi ilianza tarehe 26 Septemba 2005 mbele ya Jaji John E. Jones III, bila baraza la mahakama, yeye peke yake akiwa mwamuzi. Jaji huyu alikuwa wa chama cha Republican, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush mwaka 2002. Nalitaja kwa sababu waliotarajia upendeleo waliutarajia upande wa bodi.

Shahidi wa kwanza wa wazazi alikuwa Kenneth Miller, yuleyule mwandishi wa kitabu kilicholeta ugomvi. Katika aliyoyaeleza kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwalimu awe nalo mfukoni. Binadamu ana kromosomu 46, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Sokwe, gorila na orangutani wana 48. Ikiwa tuna babu mmoja, jozi nzima haiwezi kupotea hivihivi, kwani kiumbe kisingeishi. Basi nadharia inalazimika kusema jambo la hatari kwake yenyewe: mahali fulani ndani ya mwanadamu pawe na kromosomu moja iliyotokana na mbili zilizoungana. Na alama zake zinajulikana mapema. Kila kromosomu ina vifuniko kwenye ncha zake, viitwavyo telomea, na ina kifundo kiitwacho sentromea. Mbili zikiungana ncha kwa ncha, tutarajie kukuta vifuniko katikati, mahali pasipo pake, na mabaki ya kifundo cha pili. Wanasayansi walitazama. Kromosomu ya 2 ya binadamu ina vyote hivyo, na mpangilio wake unalingana na kromosomu mbili za sokwe. Kama visingekuwepo, nadharia ingekuwa mashakani. Hiyo ndiyo maana ya kusema nadharia imepimwa, na ndiyo maana ambayo aya ya pili ya tamko iliitaja kisha ikaifunika.

Upande wa bodi ulimtegemea hasa Michael Behe, mwanabiokemia wa chuo kikuu cha Lehigh. Aliulizwa maana yake ya nadharia ya kisayansi, na alipobanwa akakubali kwamba, kwa maana hiyo pana, hata unajimu, ule wa kusoma maisha ya watu kwenye nyota, ungeingia. Kisha wakili Eric Rothschild akamfikisha kwenye mfumo wa kinga ya mwili, ambao Behe alikuwa ameandika kwamba sayansi haitapata maelezo ya jinsi ulivyotokea kwa mageuko. Wakili akaweka mbele yake rundo: makala 58 za kitaalamu, vitabu 9 na sura kadhaa za vitabu vya kiada, vyote vikizungumzia mageuko ya mfumo huo. Behe alisema havitoshi. Sidhani alikuwa mtu wa hila. Alionekana kuamini anachosema. Lakini ukidai ushahidi, ukaletewa rundo la kufika kifuani, ukajibu kwamba hautoshi bila kusema ni upi ungetosha, huo si upimaji tena.

Rasimu

Ushahidi uliomaliza kazi haukutoka maabara. Barbara Forrest, mwanafalsafa kutoka Louisiana, alizichambua rasimu za kile kitabu cha rejea zilizopatikana kwa amri ya mahakama kutoka kwa wachapishaji wake, taasisi moja ya Texas. Alizipanga kwa miaka na kulinganisha mstari kwa mstari.

Rasimu za kabla ya hukumu ya 1987 zilisema uumbaji maana yake ni kwamba aina mbalimbali za viumbe zilianza ghafla kwa kazi ya Muumba mwenye akili, zikiwa na sifa zake kamili: samaki na mapezi na magamba yao, ndege na manyoya, midomo na mabawa yao. Rasimu za baada ya hukumu zilibaki na samaki walewale na ndege walewale. Mahali pa "uumbaji" pakaandikwa "usanifu wenye akili", mahali pa "Muumba" pakawekwa "chanzo chenye akili". Sentensi ikabaki kama ilivyokuwa. Maneno ya jamii ya uumbaji yalibadilishwa hivyo takriban mara 150, na badiliko hilo likaja muda mfupi baada ya hukumu.

Katika rasimu moja mfutaji hakufuta vizuri. Alikusudia kuondoa neno creationists, yaani waumini wa uumbaji, na kuweka maneno design proponents, yaani watetezi wa usanifu. Mwanzo na mwisho wa neno la kale vikasalia vikiwa vimeng'ang'ania pande mbili za maneno mapya: cdesign proponentsists. Nimeliangalia neno hilo mara nyingi. Wanabaiolojia huita mabaki ya kati ya kiumbe cha zamani na kipya kiungo cha mpito, na hapa kiungo hicho kipo kwa herufi.

Hundi

Maktaba ya shule ilikuwa imepokea nakala 60 za kitabu hicho kama zawadi. Nani alizitoa? Kabla ya kesi, Januari 2005, mawakili wa wazazi waliwahoji Buckingham na Bonsell chini ya kiapo. Hawakusema.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesi ilipofika kwao, wakili Stephen Harvey alimwonyesha Buckingham hundi ya dola 850, ya Oktoba 2004, iliyotoka kwenye akaunti yake mwenyewe na kuandikwa kwa jina la Donald Bonsell, baba yake Alan. Kwenye hundi palikuwa na jina la kitabu. Fedha hizo Buckingham alikuwa amezichangisha kanisani kwake akisimama mbele ya waumini. Alan Bonsell alipopanda kizimbani, Jaji Jones aliacha kusikiliza tu akaanza kumhoji mwenyewe: kwa nini hukusema? Wajumbe hao pia walikuwa wamekana kutamka neno "uumbaji" kwenye mikutano ya 2004, wakidai waandishi wa habari walilizua. Ikachezwa mahakamani video ya Buckingham akihojiwa na televisheni wakati huohuo, akisema Darwin asawazishwe na kitu kingine, kama uumbaji.

Jambo hili linaniuma kwa namna ya pekee, kwa kuwa hakuna aliyewalazimisha. Kuchangisha kanisani si kosa. Kuamini kwamba Mungu aliumba si kosa. Kosa lilikuja pale imani iliyotangazwa kwa fahari mbele ya waumini ilipofichwa mbele ya kiapo, kwa kuwa kuitaja kungewafanya washindwe kesi. Jaji aliliandika hilo kwa maneno makali: ni kinaya kwamba watu waliojivunia dini yao hadharani walidanganya tena na tena kufunika nyayo zao.

Dini nayo ilikuwa na shahidi upande wa wazazi. John Haught, mwanateolojia Mkatoliki wa chuo kikuu cha Georgetown, alitoa mfano wa birika linalochemka jikoni. Kwa nini linachemka? Kwa sababu molekuli za maji zimepata joto. Kwa sababu mke wangu amewasha gesi. Kwa sababu nataka chai. Majibu yote matatu ni ya kweli, wala moja haliliondoi jingine. Lakini hutatafuta "nataka chai" katikati ya molekuli. Sijakutana na mfano uliosema zaidi kwa maneno machache.

Hukumu na yaliyobaki

Ushahidi ulifungwa tarehe 4 Novemba. Siku nne baadaye wananchi wa Dover walipiga kura, na wajumbe wote wanane wa bodi waliokuwa wakitetea viti vyao wakaanguka mbele ya wapinzani wa sera ile. Sheria haikuwa imesema neno bado. Majirani ndio walisema kwanza.

Hukumu ilitoka tarehe 20 Desemba 2005, kurasa 139. Jaji aliamua kwamba sera ilikuwa na lengo la kidini na inavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayoizuia serikali kupigia debe dini. Kwamba usanifu wenye akili ni uumbaji uliobadilishwa jina. Na kwamba si sayansi, hasa kwa sababu unaingiza visababishi vilivyo nje ya maumbile, ambavyo hakuna jaribio linaloweza kuvipima. Aliandika pia kwamba mageuko hayapingani na kuwepo kwa Mungu, na kwamba wenye kupenda hoja ya usanifu waendelee kuichunguza na kuijadili. Kilichozuiwa ni kuipeleka kama sayansi kwenye darasa la shule ya umma. Alitabiri kwamba ataitwa jaji mwanaharakati, na ndivyo ilivyokuwa. Alipata vitisho hadi akawekewa ulinzi.

Wapo waliomlaumu, hata miongoni mwa wanaokubali mageuko, wakisema angeishia kwenye lengo la bodi na kuacha swali la sayansi ni nini. Lawama hiyo ina uzito. Hundi na rasimu zilitosha, na kortini si mahali pa kuamulia mipaka ya elimu. Lakini pande zote mbili zilimwomba aamue, wataalamu wao wakazungumza katika kesi ya wiki sita, na kunyamaza kungeacha wilaya nyingine ijaribu tamko lilelile kwa bodi yenye ulimi mwangalifu zaidi. Mimi naona alifanya sawa.

Ni kweli pia kwamba hukumu hii ina nguvu ndogo kuliko umaarufu wake. Bodi mpya haikukata rufaa, kwa hiyo haikufika mahakama za juu na haizifungi mahakama za majimbo mengine. Zaidi ya hayo, Jaji Jones alitumia kipimo kilichotoka kwenye kesi ya Lemon ya mwaka 1971, kinachouliza kama kitendo cha serikali kina lengo lisilo la kidini. Mwaka 2022, katika kesi ya kocha aliyekuwa akisali uwanjani baada ya mechi, Mahakama ya Juu ilisema kipimo hicho kimeachwa, na majaji watazame historia na desturi. Hukumu ya 1987 haijafutwa. Hata hivyo wakili atakayesimama na kesi kama ya Dover leo hawezi kutegemea hundi peke yake. Itabidi aanze na lile swali gumu, la kipi ni sayansi na kipi sicho, na aliweze.

Wilaya ya Dover ilikubali kulipa takriban dola milioni 1 za gharama za mawakili wa wazazi, fedha za shule. Januari 2006 bodi mpya ililifuta tamko. Wanafunzi waliosomewa aya zile siku ile ya kwanza walikuwa tayari wamevuka darasa la tisa, na somo la baiolojia walishalimaliza.